Mgonjwa na Kanisa Lake, Shinyanga na Geita
Usukumani, ugonjwa haukuwahi kuwa shughuli ya mtu mmoja. Ukoo ulimuuguza mgonjwa, na mfumu, yaani mganga wa jadi, alitafuta chanzo: mizimu iliyosahauliwa au jirani mwenye husuda. Ukristo nao uliingia na dawa mkononi. Africa Inland Mission ilikichukua kituo cha Nassa kutoka Church Missionary Society (CMS) mwaka 1909, kisha Kolandoto, jirani na mji wa Shinyanga, pakawa na hospitali na makazi ya wenye ukoma. Kwa Wakatoliki, Jimbo la Shinyanga lilianza kuitwa hivyo mwaka 1956, na la Geita likaundwa mwaka 1984.

Kwa Wakatoliki, mgonjwa ni wa jumuiya ndogo ndogo, kaya za jirani zinazosali pamoja kila wiki. Mmoja akilazwa, habari hutolewa baada ya sala, mchango hupita hapohapo, zamu hupangwa. Wanaokwenda kumwona hubeba sabuni, sukari na unga. Huimba, husoma Injili, kisha kila mtu huomba kwa maneno yake, wazee mara nyingi kwa Kisukuma. Kabla ya kuaga, akina mama huteka maji na kufua. Mvua zikiwa zimeshika, hata shamba la mgonjwa hupaliliwa. Padri huitwa kwa mpako wa wagonjwa. Kwa AIC (Africa Inland Church), kanisa lililozaliwa na Africa Inland Mission, wanaofika ni wazee wa kanisa, kwa agizo la Waraka wa Yakobo, sura ya 5.

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, haja ya kuuguzwa hivi huwa kubwa zaidi. Nyarugusu na Rwamgasa zina watu wengi waliofuata rashi, yaani mlipuko mpya wa dhahabu, kutoka mbali, wasio na ukoo karibu. Vumbi la mawe, la shimoni na la kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), huharibu mapafu na kurahisisha kifua kikuu kuingia. Kijana aliyezoea kushuka duarani, yaani shimoni, hushindwa hata kubeba ndoo ya maji, na asiyeshuka hana mgawo wa mawe yenye dhahabu. Hapo wanakwaya wenzake ndio ndugu. Akifariki, wao huchangisha nauli ya kumrudisha kwao.

Lakini imani hiyohiyo inayowakusanya huweza kumponza mgonjwa. Wapo wanaozunguka kati ya hospitali, mganga na mikesha ya maombezi, na wakishatangaziwa kwamba wamepona huacha vidonge. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6. Anayeikatisha huweza kurudi na kifua kikuu sugu, akawaambukiza hata waliokuja kumwombea. Mchungaji makini huuliza kwanza kadi ya kliniki, ndipo aanze maombi.