Mila na Dini ya Ayalandi: Somo la Chuo Kikuu Lililotoka Kijijini



Kijana akisema anaenda chuo kikuu, watu humwuliza: utasomea udaktari, ualimu, au ukulima? Akijibu kwamba atasomea mila na dini ya watu fulani, wengi watacheka. Eti hadithi za nyanya zinasomewa digrii? Ndiyo, zinasomewa. Huko Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, hilo ni somo lenye heshima. Na sisi tuna sababu ya kulielewa, maana wengi wetu tulibatizwa na kufundishwa na watu waliotoka huko. Masista wa Loreto walifika Nairobi 1921. Edel Quinn wa Lejio ya Maria alikuja 1936, akafa 1944 na kuzikwa hapa Nairobi. Mapadre wa Kiltegan, ambao shirika lao lilianzishwa 1932, walikuja miaka ya 1950 wakafanya kazi Kitui, Turkana na kwingineko.

Wanasoma nini?

Kwanza ni lugha. Waayalandi wana lugha yao wenyewe, ingawa wengi leo husema Kiingereza tu. Pili ni historia ya imani. Wanasoma habari za Patrisi Mtakatifu, aliyetekwa Uingereza akiwa kijana wa miaka kama 16, akafanywa mtumwa mchungaji Ayalandi kwa miaka sita, akatoroka, kisha akarudi kuwahubiria watu wale wale. Wanasoma pia miaka ya mateso. Sheria ya 1695 iliwakataza Wakatoliki kuendesha shule, basi watoto wakafundishwa kwa siri kando ya ua na ndani ya vibanda, na Misa zikasomwa nje juu ya mawe.

Halafu wanasoma njaa kuu iliyoanza 1845. Ililetwa na ugonjwa unaokausha majani na kuozesha viazi shambani, ule ule unaowasumbua wakulima wetu wa Nyandarua na Meru. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama nchi. Waliokufa na kuhama wengi walikuwa maskini wa mashambani, na ndio waliokuwa wakisema lugha ya zamani. Mzee akienda, hadithi zake nazo zikaenda.

Tatu ni mila. Chukua sikukuu ya Brigida Mtakatifu, tarehe 1 Februari. Watu husuka misalaba ya matete na kuitundika mlangoni ili nyumba ilindwe. Lakini siku hiyo ilikuwa sikukuu ya mwanzo wa majira tangu kabla ya Ukristo. Mwanafunzi anauliza: hapa Injili ni ipi, na desturi ya wazee ni ipi? Zilikutana namna gani?

Madaftari ya watoto

Sasa sikilizeni jambo hili. Vitabu vya somo hili havikutoka kwa maprofesa peke yao. Mwaka 1935 serikali iliunda tume ya kukusanya mapokeo ya watu. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi kama 5,000 walipewa kazi: nendeni nyumbani, muulizeni babu, nyanya na jirani, muandike. Wakaandika dawa za miti, visima vitakatifu, michezo, habari za njaa, majina ya mashamba. Kurasa zilizokusanywa ni kama 740,000. Zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Dublin kiitwacho University College, na siku hizi zinasomwa hata kwenye intaneti. Mnaona? Mzee ambaye hakujua kalamu amekuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Katika mapokeo hayo kuna neno meitheal, tamka "mehal". Maana yake ni majirani wanaokusanyika kuvuna shamba la mmoja leo, na la mwingine kesho, bila malipo ya pesa. Wakamba wataseme nini? Mwethya! Wakikuyu watasema ngwatio, Waluo saga. Kumbe padre aliyetuhimiza tuunde kikundi alitoka kwa watu waliokuwa na desturi kama yetu.

Faida kwetu

Tukijua kwamba Waayalandi nao walipokea Injili wakiwa na mila zao, tutaacha kudhani kila kitu tulichofundishwa kilikuwa Injili tupu, au kila kitu cha wazee wetu kilikuwa giza tupu. Tutapima kwa akili na kwa sala.

Tena wazee wetu wanaondoka kila mwaka. Tusingoje mtu wa chuo kikuu aje kutuuliza wakati hakuna wa kujibu. Kikundi kinaweza kuanza hivi:

1. Nunueni daftari moja gumu, katibu alitunze pamoja na kumbukumbu za mikutano.
2. Mchague vijana wawili wanaojua vizuri lugha ya nyumbani.
3. Mwombeni mzee ruhusa kwanza. Asilolitaka liandikwe, lisiandikwe.
4. Andikeni kwa lugha yake, kama alivyosema. Msimrekebishe.
5. Wekeni jina lake, umri, kijiji na tarehe.
6. Andikeni nakala ya pili, ikae parokiani au shuleni. Mchwa na moto havina huruma.

Maswali ya kujadili kikundini

– Ni mzee gani kijijini kwetu anajua jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua?
– Babu zetu waliokoka njaa gani, na walikula nini?
– Ni desturi gani yetu inayokubaliana na Injili, na ni ipi tuliyoiacha kwa haki?

Mkikutana wiki hii, anzeni na swali la kwanza. Hayo mengine yanaweza kungoja kidogo, lakini mzee hangojei.