Matembezi rahisi ya ziwani England: Pima safari kwa miguu ya mtoto mdogo

Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini magharibi mwa England, lina sifa mbili zinazomfanya mzazi mwenye watoto wadogo asite: milima mirefu na mvua. Zote mbili ni za kweli. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England, wenye mita 978, uko huko. Na kijiji kidogo cha Seathwaite hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka.

Lakini chini ya milima hiyo, kandokando ya maji, kuna njia za miguu zisizo na mpando wa kutisha. Familia inayoishi London, Leicester au Birmingham, au bibi aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam kuwaona wajukuu, haina haja ya kupanda kilele chochote. Inachohitaji ni kuchagua njia ambayo mtoto mdogo kuliko wote ataimaliza akiwa bado anacheka.

Hapa si mahali pa wageni waalikwa

Kinachowazuia wazazi wengi si umbali wala fedha peke yake. Ni ile hisia kwamba mashambani si kwetu. Hata ripoti iliyoandaliwa kwa serikali ya Uingereza mwaka 2019, chini ya uongozi wa Julian Glover, ilikiri kwamba hifadhi hizi huonekana kama klabu ya watu weupe wa tabaka la kati.

Sheria haisemi hivyo. Njia yenye kibao cha njia ya umma ni ya kila mtu, hata inapokatiza katikati ya shamba la mtu. Kinachotakiwa ni kufuata njia, kufunga geti baada ya kupita, kutosumbua mifugo na kurudi na takataka zako. Hakuna anayepaswa kuombwa ruhusa.

Historia nayo inasema hivyo hivyo. Mwaka 1902 sehemu ya ufuko wa ziwa Derwentwater iitwayo Brandelhow ilinunuliwa kwa pauni 6,500 zilizotokana na michango ya wananchi, wakiwamo wafanyakazi wa kawaida, ili isiangukie mikononi mwa wajenzi wa majumba. Ikawa ardhi ya kwanza ya shirika la National Trust katika eneo hilo. Kwa maneno mengine, watu walichangishana ili watoto wasiowajua wapate pa kutembea.

Derwentwater: kwa wanaoanza na wasio na gari

Treni kutoka London kwenda Scotland hupita Penrith, na kutoka hapo kuna basi hadi mji wa Keswick. Kutoka katikati ya mji hadi Friar’s Crag, rasi ndogo yenye misonobari inayoingia ziwani, ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa mtu mzima. Njia ni tambarare na kigari cha mtoto kinapita. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuitembea yote, akaona mabata, akarusha vijiwe majini na kurudi.

Wenye watoto wakubwa kidogo wanaweza kupanda boti zinazozunguka ziwa na kusimama kwenye magati kadhaa. Utaratibu mzuri ni kushuka High Brandelhow, kutembea msituni kando ya maji hadi Hawse End, kisha kupanda boti ya kurudi. Ni kama kilomita mbili tu. Njiani watoto watafute mikono miwili mikubwa iliyochongwa kwa mti, iliyowekwa mwaka 2002 kuadhimisha miaka 100 ya mchango ule.

Kabla ya kuanza safari, mzazi ahakikishe saa ya boti ya mwisho. Ikishaondoka, kilichobaki ni mwendo mrefu wa miguu na mtoto aliyechoka mgongoni.

Tarn Hows: kwa kigari na kiti cha magurudumu

Kati ya vijiji vya Coniston na Hawkshead kuna ziwa dogo, Tarn Hows. Zamani vilikuwa vijiziwa vitatu, vikaunganishwa kwa bwawa katika karne ya 19. Njia ya kulizunguka ni kama kilomita tatu, imetengenezwa vizuri, na haina ngazi wala vivuko vya kuruka uzio. Ina vimiteremko vichache, hivyo anayesukuma kiti cha magurudumu ajipange na msaidizi. Wengi hufika kwa gari, na maegesho hulipiwa.

Hapa kuna hadithi ya kumsimulia mtoto. Beatrix Potter, mwandishi wa kitabu cha sungura Peter kilichotoka mwaka 1902, alinunua shamba kubwa la Monk Coniston, pamoja na Tarn Hows, mwaka 1930, kisha akaiuzia National Trust nusu yake. Yeye mwenyewe alifuga kondoo wa aina ya Herdwick, ambao hadi leo wamejaa milimani. Watoto wao huzaliwa weusi, na kadiri wanavyokua hugeuka kuwa wa kijivu. Mtoto akiambiwa hivyo, atawahesabu weusi na wa kijivu hadi asahau kuuliza “tumefika?”

Buttermere: kwa waliokwisha zoea

Kuzunguka ziwa Buttermere ni kama kilomita saba. Sehemu kubwa ni tambarare, ila kuna mawe na mizizi, na karibu na Gatesgarth familia hutembea barabarani kidogo, hivyo watoto washikwe mikono. Zawadi ya njia hii ni handaki fupi lililochongwa ndani ya mwamba kando ya maji karne ya 19. Ni giza, linadondosha matone, na watoto hupenda kupiga kelele humo wasikie mwangwi.

Mtu mzima huhitaji kama saa mbili na nusu. Mwenye mtoto wa miaka sita au saba ajipe mara mbili ya muda huo, pamoja na kupumzika na kula. Akiona katikati ya safari kwamba mtoto amelegea, arudi mapema.

Maji mazuri, maji baridi

Jambo moja halina mzaha. Mtoto aliyezoea joto la Bahari ya Hindi hawezi kujua jinsi maji ya maziwa haya yalivyo baridi, hata Julai. Baridi ya ghafla hukata pumzi na kumfanya hata muogeleaji hodari ameze maji katika dakika za mwanzo. Pia kina hubadilika ghafla karibu na ufuko.

Mtoto mdogo awe karibu kiasi cha kushikwa mkono. Mkubwa afundishwe kwamba akianguka, asipapatike: alale chali, masikio majini, aelee hadi pumzi irudi. Mzazi asijirushe ovyo. Amtupie kitu cha kushikilia na apige 999. Milimani, anayepiga aombe polisi kisha waokoaji wa mlimani, ambao ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo.

Vya kubeba, vya kukagua

Koti la mvua kwa kila mmoja, hata jua likiwaka. Soksi za akiba. Chupa ya chai, chapati, mayai ya kuchemsha. Ramani, kwa sababu mtandao wa simu hupotea mabondeni. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Juni mwanga hudumu hadi baada ya saa tatu na nusu usiku.

Ng’ombe wenye ndama waachiwe nafasi kubwa. Jioni, watoto wakaguliwe kupe nyuma ya magoti, kwenye kinena na kwenye nywele. Kupe atolewe kwa kibanio, akishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa polepole. Ukitokea wekundu wa mviringo siku au wiki zijazo, mtoto apelekwe kwa daktari, kwani inaweza kuwa ugonjwa wa Lyme.

Mtoto aliyeburutwa kilomita saba akilia hatataka kurudi. Aliyetembea moja akafurahi, mwezi ujao ataomba mbili.