Mashine ya Kuchomelea Inapofika Kazini

Mwaka 2017 mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, ulipata mtambo wa umeme wa jua wa kampuni ya Nuru, lakini geti la nyumba inayojengwa nje ya mji halisubiri waya ufike. Huko, kama katika mji wa Butembo, fundi huja na mashine ya kuchomelea yenye injini yake.

Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 za mwinuko, hivyo karibu sehemu moja ya sita hupotea.

Mashine huwekwa nje, mahali tambarare, moshi ukielekea mbali na watu: kaboni monoksidi haina harufu. Petroli huongezwa injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Nyaya mbili huchanganywa mara nyingi. Ule wa koleo hurudisha mkondo wa kuchomelea. Hubanwa karibu na kiungo, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Ukibanwa mbali, mkondo hupita kwenye bawaba, beringi au minyororo na kuviunguza.

Waya wa ardhi hulinda watu. Mashine ikiwa garini, fremu yake hufungwa kwenye chasi, kwa kuwa matairi hayapitishi umeme. Ikitumika kama jenereta kulisha nyaya za nyumba, huhitaji nondo ya shaba ardhini na swichi ya kubadilishia, kazi ya fundi umeme.

Mvua ikianza, kazi husimama: volti 80 za mashine zinatosha kumuua mwenye glavu zilizolowa.