Upepo Usioonekana Nyuma ya Eropleni Kubwa

Sisi tukaao Vitongoji tumeizoea sauti ya eropleni. Kiwanja cha Pemba hakiko mbali nasi, na eropleni ndogo ziendazo Unguja na Dar es Salaam twazisikia kila siku juu ya mikarafuu yetu. (Nasema eropleni, kama walivyosema wazee, nisije nikazichanganya na ndege wenye manyoya.) Safari ya Unguja ni nusu saa hivi. Lakini mara nyingine, mkiisha kuiona Unguja chini yenu, rubani hateremki. Huizungusha eropleni juu ya bahari, akakawia, na abiria wakaanza kunung'unika. Safari moja, katika siku za tanga mbili, mzee aliyeketi karibu nami aliniinamia akasema, "Mwalimu, kiwanja kile nakiona kitupu. Kijana huyu angoja nini?"

Nilimjibu kwa maneno machache, maana kelele za mashine zilikuwa nyingi. Jibu lililo kamili ndilo hili.

Yafaa tuanze baharini, kwa kuwa hewa na maji ni ndugu. Mtu aliyepata kuvua kwa mtumbwi karibu na gati ya Mkoani ajua ya kuwa meli ikipita, taabu haiji wakati meli iko mbele yake. Taabu huja baadaye, meli imekwisha kwenda zake, ndipo mawimbi iliyoyaacha yakamfikia. Naye huyaona, akageuza omo kuyakabili. Rubani hana bahati hiyo. Hewa nayo hutibuliwa na chombo kipitacho, lakini haina povu.

Eropleni huchukuliwa na mbawa zake. Chini ya ubawa hewa husukuma kwa nguvu kuliko juu yake, na tofauti hiyo ndiyo inayoubeba uzito wote. Sasa penye ncha ya ubawa, ile hewa ya chini hupata mlango: huizunguka ncha, ikakimbilia juu. Na kwa kuwa eropleni yaenda mbele, mzunguko ule huachwa nyuma umejisokota kama kamba ya usumba. Basi kila eropleni huburura visulisuli viwili vilivyolala, kimoja kwa kila ubawa. Ukivitazama kwa nyuma, cha kushoto huzunguka kama akrabu za saa, na cha kulia huzunguka kinyume chake. Na katikati yao hewa humiminika kwenda chini. Kwa sababu hiyo vyote viwili huzama polepole, futi 300 hata 500 kwa dakika, na huweza kudumu dakika mbili tatu, hata zaidi, kabla ya kuvunjika.

Nguvu ya visulisuli hivi hutokana na uzito wa eropleni na mwendo wake. Iliyo nzito huviacha vikali. Na iliyo nzito tena yaenda polepole huviacha vikali zaidi. Nayo eropleni itakayo kutua huenda polepole. Hapo mwaona ya kuwa hatari imekusanyika mahali pabaya kuliko pote, yaani karibu na ardhi, katika njia moja nyembamba ambayo kila chombo hakina budi kuifuata, na ambapo rubani akipinduliwa hana nafasi ya kujiweka sawa.

Katika kiwanja cha Kisauni, Unguja, huja eropleni kubwa kutoka Ulaya na Ghuba. Moja ya namna ya Boeing 787 yaweza kutua ikiwa na kilo 170,000. Ile ndogo itutoayo Pemba, ya namna ya Cessna Caravan, haifiki kilo 4,000. Ni kama mtu mmoja kumfuata mwenziwe aliye mzito kama watu arobaini.

Huenda mkadhani ya kuwa siku ya Kusi kali ndiyo siku ya kuogopwa. Kwa jambo hili, sivyo. Upepo mwingi huvivunja visulisuli upesi. Siku ya kuogopwa ni ile ambayo baharia huilalamikia kwa sababu tanga halijai, nayo ndiyo siku ya maleleji. Visulisuli vikikaribia ardhi haviendelei kuzama, bali huachana, kila kimoja kikaenda upande wake, polepole kama mtu atembeavyo. Ikiwa hakuna upepo, huenda zao nje ya njia ya kutulia. Lakini ukivuma upepo mdogo wa ubavuni, wenye mwendo ule ule wa kutembea, humzuia mmoja wao asiondoke, akabaki papo hapo juu ya njia akimngojea ajaye. Njia ya Kisauni imelazwa kaskazini na kusini, kwa hiyo pumzi ndogo ya matlai itokayo mashariki yatosha kufanya kazi hiyo.

Mambo haya yalijulikana kwa wenye elimu zamani, lakini kanuni zake zimenunuliwa kwa roho za watu. Tarehe 30 Mei 1972, huko Fort Worth katika Marekani, eropleni ya namna ya DC-9 iliyokuwa ikifundishia marubani ilimfuata DC-10 kutua, ikiwa nyuma yake kwa muda usiofika dakika moja. Karibu na ardhi ilibiringika ubavu, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Tarehe 15 Desemba 1993, huko Santa Ana katika California, eropleni ndogo ya matajiri ilimfuata Boeing 757 kwa maili mbili hivi, tena chini ya njia yake. Wakafa watano. Hata walio juu sana hawakusalimika: tarehe 7 Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabuni, eropleni ndogo yenye watu tisa, itokayo Maldivi, ilipishana na Airbus A380 iliyokuwa futi 1,000 juu yake. Ilibiringishwa mara kadhaa, ikaanguka futi 9,000 hivi kabla rubani hajaishika, ikatua Maskati na majeruhi wake. Haikuruka tena. Wapemba wenye jamaa zao Omani huenda wakaikumbuka habari hii.

Kanuni ya mataifa imezigawanya eropleni kwa uzito. Isiyozidi kilo 7,000 ni nyepesi; ifikayo kilo 136,000 na zaidi ni nzito; zilizo katikati ni za wastani; na A380 imewekwa peke yake. Mahali penye rada, nyepesi imfuatayo nzito hukaa nyuma kwa maili 6 za baharini, na nyuma ya A380 maili 8. Pasipo na rada huhesabiwa dakika, nazo kwa nyepesi itakayo kutua nyuma ya nzito ni 3. Lakini rubani akisema kwa simu ya upepo ya kuwa amemwona aliye mbele, na kwamba atamfuata kwa macho yake, dhamana humhamia yeye. Mimi naona hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa macho huona eropleni, hayaoni kilicho nyuma yake.

Rubani mwenye busara huongeza hila moja. Kwa kuwa visulisuli huzama, yeye hushika njia iliyo juu ya ile ya mkubwa. Na kwa kuwa ubawa ukiisha kuuacha uzito juu ya magurudumu hautoi kisulisuli tena, yeye hupita mahali pale magurudumu ya mkubwa yalipogusa, akatua mbele yake. Njia ya Kisauni ina urefu wa mita 3,000 na kidogo, na Caravan haihitaji hata nusu yake.

Ndivyo alivyofanya kijana wetu siku ile. Nilimwonyesha mzee eropleni kubwa iliyokuwa imekwisha simama mbali, penye jengo la abiria, nikamwambia, "Mzee wangu, twangoja upepo wa ile uishe." Akaweka uso wake dirishani, akatazama sana mahali pale tulipokuwa tukielekea. Mbingu ilikuwa nyeupe, na minazi haikutikisika hata mmoja.