Vijana Waliojenga Palipobomolewa

Katikati ya nchi ya Uingereza pana mji uitwao Coventry. Watu wake walijulikana kwa kazi ya kutengeneza baiskeli na motokaa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vyao vilitengeneza vyombo vya vita pia. Kwa sababu hiyo, usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, ndege za Wajerumani zipatazo 500 ziliujia mji huo, zikaangusha mabomu tangu jioni hata karibu na alfajiri. Watu zaidi ya 500 walikufa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, lililokuwa limesimama kwa karne nyingi, liliungua. Zikabaki kuta za nje na mnara tu.

Mkuu wa kanisa hilo alikuwa kasisi Richard Howard. Yeye hakuwahimiza watu wake walipe kisasi. Mihimili miwili ya paa iliyoungua ilifungwa pamoja kuwa msalaba, ukasimamishwa kati ya magofu. Baadaye, katika mwaka 1948, maneno mawili yalichorwa ukutani nyuma ya madhabahu: "Baba, samehe." Haikuandikwa "uwasamehe," kana kwamba wakosaji ni wale wengine peke yao, maana kila mtu ana haja ya kusamehewa.

Basi, aliyekosewa akiwa tayari kusamehe, yabaki swali kwa upande wa pili: aliyekosa atafanya nini? Aweza kusema, "Nimekosa." Lakini mtu aliyepoteza nyumba yake na ndugu zake aweza kuyasikia maneno hayo na asiyaamini.

Katika nchi ya Ujerumani alikuwako Mkristo mmoja, jina lake Lothar Kreyssig, ambaye kazi yake ilikuwa uhakimu. Mwaka 1940 serikali ya Hitler ilikuwa ikiwaua kwa siri wagonjwa wa akili na watu wenye vilema. Kreyssig alipotambua ya kuwa watu waliowekwa chini ya ulinzi wa mahakama yake wanaondolewa na kuuawa, aliandika kupinga uovu huo, akawakataza wakuu wa hospitali wasiwatoe watu hao pasipo ruhusa yake. Kwa ajili ya hayo aliondolewa katika kazi yake.

Vita ikaisha mwaka 1945. Katika mwezi wa Aprili 1958, wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani walipokutana Berlin, Kreyssig aliwasomea wito wake. Alikiri ya kuwa Wajerumani ndio walioanzisha vita, na ya kuwa waliwaua mamilioni ya Wayahudi. Tena kwamba hata wale wasiotaka mambo hayo hawakufanya ya kutosha kuyazuia. Kisha akayaomba mataifa yaliyoumizwa yawape Wajerumani ruhusa ya kuja kwao na kufanya jambo jema kwa mikono yao, kama kujenga kanisa, au hospitali, au kitu chochote kitakachofaa. Vijana waliitwa wajitolee kuifanya kazi hiyo kwa muda wa mwaka mmoja. Chama hicho kiliitwa Aktion Sühnezeichen, na maana yake ni kazi iliyo ishara ya kutubu na kutafuta upatanisho.

Vijana wa kwanza walisafiri mwaka 1959, wakaenda Uholanzi na Norwe. Huko Norwe, upande wa kaskazini kabisa, ni nchi ya baridi kali. Majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakirudi nyuma mwishoni mwa mwaka 1944, yaliteketeza nyumba na makanisa ya nchi hiyo, ili adui zao wasipate mahali pa kujisitiri. Watu wengi wakafukuzwa kwao wakati majira ya baridi yakiingia. Katika kijiji cha Kokelv, vijana wa Kijerumani walisaidia kujenga kanisa jipya, likamalizika mwaka 1960. Kanisa hilo lingali likiitwa Kanisa la Upatanisho.

Katika mwaka 1961 kundi jingine la vijana wapatao 16 lilifika Coventry. Walipewa kazi mle mle ndani ya magofu, katika vyumba ambamo zamani makasisi walivalia mavazi ya ibada. Vyumba hivyo vilikuwa vimebomoka. Vijana walivitengeneza, vikawa mahali pa kukutania watu wa mataifa mbalimbali. Wakati huo huo kanisa kuu jipya lilikuwa likijengwa kando ya magofu, nalo liliwekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962. Magofu yenyewe hayakuondolewa. Yaliachwa yawe ukumbusho.

Hebu wanafunzi wafanye hesabu. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1961 alizaliwa mwaka 1941, yaani baada ya Coventry kuungua. Hakuendesha ndege, wala hakuangusha bomu. Mbona basi alikwenda kubeba mawe kwa ajili ya kosa asilolitenda? Jambo hili laweza kufahamika kwa mfano wa urithi. Mtoto akirithi shamba la baba yake, na shamba lile lina deni, hawezi kusema, "Shamba ni langu, lakini deni silijui." Yeye hana hatia ya kukopa, walakini deni limefika mlangoni pake, na watu watazama waone atafanya nini. Vijana hao walikuwa wamerithi jina la nchi yao pamoja na sifa zake mbaya na njema.

Hata hivyo, kazi yao haikuwa malipo. Waliofariki usiku ule hawakufufuka kwa sababu vyumba vichache vilitengenezwa. Ndiyo maana chama chao kiliitwa ishara, wala hakikuitwa fidia. Ishara huonyesha nia ya moyo. Mtu anayetubu kwa kweli huacha starehe yake, huvumilia kazi ngumu na chakula cha ugenini, wala hadai kupewa msamaha jioni ile ile aliyofika.

Tena waliokosewa nao walikuwa na kazi yao. Si jambo jepesi kumpokea mgeni ambaye lugha yake inakukumbusha usiku wa mabomu. Wenyeji wa Coventry wangaliweza kukataa, na hakuna ambaye angaliwalaumu. Lakini waliwapokea vijana, wakawapa mahali pa kazi katikati ya kidonda chao wenyewe. Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kumpa mgeni jembe ni kumhesabu kuwa mtu wa nyumbani.

Habari haikuishia hapo. Waingereza nao walikuwa na jambo la kukumbuka. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege zao ziliupiga mji wa Dresden huko Ujerumani, na za Marekani zikafuata mchana wake. Watu wapatao 25,000 waliuawa. Hospitali ya mashemasi wa kike wa Kilutheri, iliyokuwa ikiwauguza wagonjwa, ilibomolewa pia. Basi, mwaka 1965, vijana wa Kiingereza walitoka Coventry kwenda Dresden, wakashika chepeu na toroli, wakasaidia kujenga upya sehemu ya hospitali hiyo. Wale waliopokea msaada wakawa wenye kuutoa.

Kazi za vijana hao zina mafundisho kwa kila kundi la kanisa liendalo kutumika ugenini.

La kwanza ni kupiga hodi. Kreyssig hakusema, "Tunakuja." Aliomba ruhusa kwanza. Wako watu waendao kusaidia pasipo kuwauliza wenyeji wanataka nini. Hao hujenga kisima pasipo na haja ya kisima, kisha hurudi kwao wakijisifu.

La pili ni unyenyekevu. Kijana asiye fundi aweza kuchanganya chokaa, kuchukua matofali, na kufagia, naye amtii fundi anayejua kazi. Asipotaka kufundishwa na wenyeji, atakuwa mzigo kwao.

La tatu ni kwamba kazi hufungua kinywa. Watu wawili waliokuwa maadui wakikaa wakitazamana, hawapati la kusema. Lakini wakiinua jiwe moja pamoja, ni lazima waseme, "Shika huku," na "Ngoja kidogo," na maneno hayo madogo ndiyo mwanzo wa mazungumzo makubwa.

Chama cha Kreyssig kingali kinatuma vijana katika nchi mbalimbali. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1986. Kijana asomaye habari hizi si lazima avuke bahari. Aweza kutazama karibu naye: yuko mtu gani, au mtaa gani, au kijiji gani, kilichoumizwa na watu wa kwao? Aende, apige hodi, aulize kazi iliyopo, aifanye mpaka iishe.

Maswali
1. Kwa nini maneno ya ukutani hayakuwa "uwasamehe"?
2. Kuna tofauti gani kati ya ishara na fidia?
3. Kwa nini wenyeji wa Coventry walistahili sifa pamoja na vijana waliowajia?
4. Taja jambo moja ambalo yafaa kuwauliza wenyeji kabla ya kwenda kuwasaidia.