Kelele za maisha na nafasi ya Mungu katika familia za Morogoro

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

KWA miaka mingi, Wakristo wengi wa milima ya Uluguru walipanga siku yao kwa kusikiliza kengele ya misheni. Iligongwa alfajiri, adhuhuri na jioni, na Mkatoliki aliyekuwa shambani alitarajiwa kuweka jembe chini, kusali sala ya Malaika wa Bwana, kisha kuendelea na palizi.

Utaratibu huo uliletwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua misheni Morogoro mwaka 1882, kabla ya kazi yao kuenea milimani katika maeneo kama Matombo na Mgeta.

Kengele hizo zilikuwa na faida moja ambayo ni rahisi kuisahau. Ziliwaita watu wote kwa wakati mmoja: baba, mama, watoto na jirani. Hakuna aliyelazimika kujikumbusha peke yake kwamba saa ya sala imefika.

Leo hali ni tofauti. Kila mtu anatembea na kengele yake mfukoni. Mwaka 2024, laini za simu zilizosajiliwa nchini zilipita milioni 70. Simu ya baba humwita kwenye matokeo ya mpira, ya mama humwita kwenye ujumbe wa kikoba, na ya kijana humwita kwenye picha za marafiki. Wote wamekaa sebule moja, lakini kila mmoja yuko kwake.

Hata hivyo, itakuwa makosa kuitupia simu lawama zote. Akili ya binadamu kutangatanga wakati wa sala ni tatizo la kale. Mtawa John Cassian, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5 baada ya kukaa na watawa wa jangwa la Misri, alieleza jinsi hata wao, wasio na mke, watoto wala soko, walivyosumbuliwa na mawazo yaliyokuwa yakirukaruka. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa sala fupi yenye maneno machache, inayorudiwa mara kwa mara katikati ya kazi.

Ikiwa mtawa wa jangwani alihitaji msaada huo, familia ya Morogoro inauhitaji zaidi.

Chukua mfano wa mkulima wa mboga wa Mgeta. Mazao yake huharibika haraka, na soko lake kubwa liko Dar es Salaam. Jioni, ambayo kwa desturi ndiyo saa ya sala ya familia, inaweza kuwa ndiyo saa ya kufunga mizigo na kusubiri gari. Kumwambia aache kabichi zioze ili asali ni kumtwisha mzigo asioubeba hata mhubiri mwenyewe.

Mjini kuna sura nyingine. Mama anayefanya biashara Soko Kuu la Chifu Kingalu hurudi nyumbani amechoka, akakuta chakula hakijapikwa. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, mwendo huo umekuwa wa chini ya saa mbili. Mzazi anayefanya kazi Dar es Salaam anaweza kurudi nyumbani mara nyingi zaidi kuliko zamani. Lakini kurudi mwili tu hakutoshi, ikiwa mawazo yamebaki ofisini.

Kanisa lenyewe limekuwa likilitazama suala hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliitaja familia kuwa mfano wa kanisa la nyumbani. Mwaka 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji, na hadi leo majirani hukutana kwa zamu katika nyumba zao. Walutheri nao wana ibada za nyumba kwa nyumba.

Novemba 2015, Papa Francis, aliyefariki Aprili 2025, aliwaonya waumini kwamba familia ambayo haili pamoja, au inayokula ikitazama luninga na simu bila kuzungumza, inakaribia kupoteza maana ya kuwa familia.

Aidha, ipo kelele nyingine isiyosemwa sana, nayo hutoka kanisani. Mazoezi ya kwaya, vikao vya kamati, michango, semina na mikesha ni mambo mema. Lakini mzazi anayeyahudhuria yote kwa juma zima, huku watoto wakilala bila kumwona, amekuwa kama Martha wa Injili ya Luka: anamtumikia Bwana, lakini hana nafasi ya kumsikiliza.

Nini kifanyike? Kwanza, familia ichague saa inayowezekana. Kama jioni ni ya mizigo, basi alfajiri kabla ya watoto kwenda shule inafaa. Dakika 10 zinazotimizwa kila siku ni bora kuliko saa nzima inayofanyika mara moja wakati wa Kwaresima.

Pili, simu zote ziwekwe mahali pamoja wakati huo, zikiwamo za wazazi. Mtoto hatakubali sheria ambayo baba anaivunja mbele yake. Mzazi aliye safarini anaweza kupiga saa hiyohiyo. Hapo simu inakuwa daraja.

Tatu, zamu igawanywe. Mmoja asome, mwingine aombee wagonjwa, mdogo aanzishe wimbo. Mama asiachiwe kuwa katekista wa nyumba peke yake, wakati pia ndiye anayepika na kufua.

Nne, kazi yenyewe iunganishwe na sala. Neno fupi la shukrani wakati wa kufungua duka, au wakati wa kupanda mteremko na tenga la ndizi, ni sala kamili. Ndivyo walivyofanya wazee waliosimamisha jembe kwa muda mfupi, kisha wakalima mpaka jua kuzama.

Linaloamuliwa hapa ni kubwa kuliko nidhamu ya jioni. Vijana wengi wa Uluguru huondoka nyumbani kwenda kusoma au kutafuta kazi mijini, ambako hakuna atakayewaamsha kusali. Watakachokuwa nacho huko ni mazoea waliyoyapata nyumbani, nayo hujengwa sasa, wangali wanakula sahani moja na wazazi wao.