Tambi za Hakata Zilivyofichua Siri Yangu

Jumatano iliyopita, muda mfupi baada ya saa sita mchana, nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha Kencom, katikati ya jiji la Nairobi, dada yangu mkubwa akiwa upande mmoja na mwanawe upande wa pili. Kijana huyo ana miaka 17. Alikuwa ameikumbatia bahasha ya kaki yenye pasipoti yake kana kwamba ni mtoto mchanga, kwa maana tulikuwa tumetoka kuichukua Upper Hill, na ndani yake mlikuwa na viza ya Japani. Atakwenda mkoa wa Fukuoka, katika kisiwa cha Kyushu, kusoma shule ya sekondari na kukimbia mbio.

Dada hakuwa na furaha niliyoitazamia. Ametoka Nyamira, ameuza ndama, amenunua sweta tatu, lakini neno lililokuwa likimkereketa ni moja tu. "Wewe ulifika huko," akaniambia. "Sasa nionyeshe atakachokula."

Ni kweli nilifika, msomaji mpenzi. Mwaka 2009 nilikaa huko siku nne, na kwa miaka yote tangu wakati huo nimekuwa nikijigamba katika sebule ya dada kuhusu bakuli la tambi nililokula kando ya mto. Basi nikasema leo nitawapeleka Kilimani wakaonje. Tukapanda matatu nambari 46.

Njiani, gari lilipokwama kwenye Barabara ya Valley kama kawaida yake, nilimweleza mpwa wangu jambo la kwanza linalompotosha mgeni. Tikiti yake ya ndege imeandikwa Fukuoka, lakini stesheni kuu ya reli ya mji huo inaitwa Hakata. Zamani ilikuwa miji miwili iliyotenganishwa na Mto Naka: Fukuoka ulikuwa mji wa ngome na mabwana wenye panga, na Hakata ulikuwa mji wa bandari na wafanyabiashara. Mwaka 1889 iliunganishwa, mabwana wakapewa jina la mji, wafanyabiashara wakabaki na jina la stesheni. Uwanja wa ndege uko karibu mno. Ukipanda treni ya chini ya ardhi, kituo cha pili ni Hakata. Hapo hamna msongamano wa Valley Road.

Na bandari hiyo si ya jana. Ng'ambo ya bahari kuna Korea, na kwa meli za kasi za wakati ule ilikuwa safari ya saa tatu hivi kufika Busan. Wamongolia walipotaka kuiteka Japani mwaka 1274, na tena mwaka 1281, ni katika ghuba hiyo ya Hakata walikoteremkia. Wachina waliingia na bidhaa, na watawa wa Kijapani wakaenda China na kurudi na elimu. Mmoja wao, Enni, alirudi mwaka 1241 na ujuzi wa kusaga unga kwa mashine ya maji. Hekalu lake la Joten-ji liko mwendo wa dakika chache kutoka stesheni, na uani mwake kuna jiwe lililoandikwa kwamba tambi za udoni na za soba zilianzia hapo. Nilipigwa picha kando ya jiwe hilo. Kusema kweli, siku ile sikulijali sana, kwa sababu roho yangu yote ilikuwa kwenye rameni.

Rameni ndiyo iliyoipa Hakata sifa. Jua likitua, vibanda vya magurudumu vinavyoitwa yatai hupangwa kando ya Mto Naka, pale Nakasu, na sehemu nyingine za mji. Kibanda kimoja hakichukui watu zaidi ya kumi hivi, nanyi mnaketi mkigusana mabega, mkubwa wa ofisi na mchukuzi, kama vile kwenye vibanda vya Burma au Soko la Kenyatta mtu anaposubiri supu ya kichwa. Mchuzi ni mweupe kama maziwa. Mifupa huchemshwa saa nyingi kwa moto mkali mpaka uboho na mafuta yake yachanganyike na maji. Tambi ni nyembamba na zimenyooka, zinaiva chini ya dakika moja. Inasemekana zilifanywa hivyo kwa ajili ya watu wa soko la samaki la Nagahama, ambao hawana muda wa kungoja chakula. Tambi nyembamba huvimba upesi zikikaa katika mchuzi, kwa hiyo unapewa kidogo, na ukimaliza unaita "kaedama!" nawe unatiliwa nyingine katika mchuzi uleule. Na huko kufyonza tambi kwa kelele si utovu wa adabu. Sisi tulipigwa makofi utotoni kwa kosa hilo hilo.

Nilipoketi pale kibandani na kusema ninatoka Kenya, mpishi aliinua mwiko wake juu na kupaza sauti: "Wanjiru!"

Nilimweleza mpwa wangu hayo naye akanyamaza kidogo, kwa maana jina hilo kwa mkimbiaji wa Kenya aendaye Japani lina utamu na uchungu. Samuel Wanjiru alitoka Nyahururu mwaka 2002 akiwa na miaka 15 kwenda shule ya Sendai Ikuei, kisha akajiunga na timu ya Toyota Kyushu, huko huko Fukuoka. Desemba 2007 alikimbia marathoni yake ya kwanza katika mji huo, akashinda kwa saa 2:06:39. Mwaka uliofuata, mjini Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Kabla yake alikuwapo Douglas Wakiihuri, aliyefunzwa Japani na kuwa bingwa wa dunia mjini Roma mwaka 1987. Baada yake Patrick Makau alishinda Fukuoka mara mbili mfululizo, 2014 na 2015. Lakini Wanjiru alifariki nyumbani Nyahururu mwezi Mei 2011, akiwa na miaka 24 tu. Dada analijua jambo hilo. Hakulitaja, alitazama nje ya dirisha.

Tulishuka Yaya tukatembea. Kilimani ya siku hizi si ile ya nyumba za vigae na ua la michongoma. Ni maghorofa matupu, na katikati yake mikahawa ya Wachina, Wakorea, Waethiopia na Wajapani. Huku River Road ukitaja tambi watu wanafikiri za Kihindi, au zile za pakiti ambazo watoto wetu wanazichemsha dakika tatu. Hizo za pakiti pia asili yake ni Japani: Momofuku Ando ndiye aliyezitoa mara ya kwanza mwaka 1958.

Mkahawa tulioingia ulikuwa mdogo na safi. Mpishi alikuwa kijana wa Kikenya, mwenye kilemba cheupe kichwani. Mabakuli matatu yakaletwa, moshi ukipanda, mchuzi mweupe, yai lililokatwa nusu, vipande vya nyama juu yake. Harufu ile ikanirudisha Nakasu, nikaona mate yakinijaa kinywani.

Mpwa wangu alichukua vijiti, akavitazama, akaviweka chini. Kisha akamgeukia mpishi kwa heshima. "Kaka, samahani, hii supu ni ya mnyama gani?"

"Nguruwe," mpishi akajibu. "Bila nguruwe si ya Hakata."

Sasa lazima nikueleze, msomaji, kwamba nyumba ya dada yangu ni ya Wasabato. Jumamosi hawawashi moto wa kupikia, na kitabu cha Walawi, mlango wa 11, wamekisoma mpaka karatasi zimelegea. Mimi nami nilibatizwa katika mto uleule. Mwaka 2009 niliporudi na hadithi zangu, dada aliniuliza swali hilo hilo, nami nikamjibu bila kupepesa macho kwamba ni mifupa ya ng'ombe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekula bakuli mbili, na kaedama juu yake.

Dada alisukuma bakuli lake polepole hadi katikati ya meza. "Ulijua?" akaniuliza.

Nikasema nilijua.

"Mwaka ule pia?"

Nikasema mwaka ule pia.

Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, mimi nilikuwa ninamtuma mtoto kwa neno lako." Kijana alikuwa akitazama sakafu. Kule aendako atalala bwenini, atakula kinachopikwa, na kocha atampima uzito. Nani atamwambia kilichomo ndani ya sufuria, ikiwa mjomba wake aliyefika huko amemficha?

Hapo ndipo lile jiwe la hekalu la Joten-ji liliponirudia. Nikawaambia, na safari hii nikasema kila kitu, kwamba watu wa Hakata wenyewe wanakula udoni kabla ya rameni kuzaliwa. Ni tambi nene, laini kuliko za sehemu nyingine za Japani, na mchuzi wake hutokana na mwani na samaki waliokaushwa. Wanaweka juu yake mzizi mrefu unaoitwa gobo, uliokaangwa kwa unga. Kwa jumla mchuzi huo hauna nguruwe, lakini mara nyingine juu huwekwa kamba, na kamba nao Msabato hali, kwa hiyo ni lazima aulize kila mara.

Mpishi, ambaye alikuwa amesikiliza yote huku akijifanya anapanguza meza, aliyaondoa mabakuli mawili bila kuambiwa, akaja na udoni. Langu aliliacha. Nililitazama mpaka likapoa. Dada aliuonja mchuzi kwa ncha ya kijiko, akaonja tena, akasema hauna chumvi ya kutosha. Kisha akamaliza.

"Nguruwe kwao wanamwitaje?" kijana akauliza.

"Buta," mpishi akajibu. "Na kamba ni ebi."

Kijana akaandika maneno hayo mawili kwa kalamu nyuma ya bahasha ya pasipoti. Katika matatu ya kwenda Kawangware dada aliketi naye kiti cha mbele, nami nikaketi nyuma peke yangu, nikimsikia akimrudisha mwanawe kama mwalimu wa darasa la kwanza: buta, ebi, buta, ebi, mpaka utingo akapiga bodi na kuita mwisho wa gari.